Chick Hearn na sauti ya Lakers

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, nanyi vijana mnaojifunza utangazaji, asanteni kwa kunialika. Mada niliyopewa ni historia ya watangazaji wa michezo, na hiyo ni bahari. Kwa hiyo nimechagua timu moja ya mpira wa kikapu, Los Angeles Lakers, na sehemu kubwa ya muda wangu nitakaa na mtu mmoja, Chick Hearn. Najua wapo watakaouliza mbona sikuchagua Memphis Grizzlies, waliomchukua Hasheem Thabeet wetu kama chaguo la pili katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2009. Memphis walipata timu hiyo mwaka 2001 tu. Leo nataka timu iliyopita zama zote, kuanzia redio peke yake hadi haki za matangazo za mabilioni ya dola.

Lakers walihamia Los Angeles kutoka Minneapolis mwaka 1960. Mji ule ulikuwa na mambo yake. Mashabiki wa besiboli walikuwa wamekwisha kumzoea mtangazaji Vin Scully, aliyefika na timu ya Dodgers mwaka 1958, na wengi walikuwa wakimfuata yeye hata kabla ya kuifuata timu. Kikapu hakikuwa na mtu wa namna hiyo. Lakers walikuwa na Elgin Baylor na kijana aitwaye Jerry West, wachezaji ambao leo wanatajwa kwa heshima kubwa, na bado viti vilibaki wazi.

Machi 1961 timu ilikuwa kwenye mchujo dhidi ya St. Louis Hawks. Mmiliki wake, Bob Short, akampeleka Hearn St. Louis akatangaze mchezo wa tano redioni. Hearn alikuwa amezaliwa Aurora, Illinois, mwaka 1916, akatangaza kikapu cha Chuo Kikuu cha Bradley kule Peoria, kisha akahamia Los Angeles, ambako alijulikana kwa kutangaza kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha USC. Lakers walishinda usiku ule. Timu iliporudi nyumbani kwa mchezo wa sita, ukumbi ulijaa. Hawks ndio waliosonga mbele mwishowe, lakini Short alikuwa ameona alichotaka kuona. Matangazo ya usiku mmoja yaliuza tiketi kuliko ushindi wa msimu mzima. Hearn akapewa kazi, akadumu nayo miaka 41.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye namna alivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye faida kwenu.

Kikapu ni mchezo mgumu kuutangaza redioni. Besiboli ina mapumziko marefu ambayo mtangazaji anaweza kuyajaza kwa hadithi. Soka nayo ina uwanja mpana, na mpira ukiwa katikati unapata nafasi ya kupumua. Kwenye kikapu timu ya kulipwa ya Marekani ina sekunde 24 tu za kurusha mpira, na ndani ya sekunde hizo unaweza kupita mikono ya watu wanne. Watangazaji wengi wa mwanzo walikuwa wakisimulia kilichokwisha kutokea: fulani amepiga, limeingia. Hearn alisimulia kinachotokea. Alikuambia nani ana mpira, yuko umbali gani na kapu, analindwa na nani, anaelekea upande upi, pasi inakwenda kwa nani, na akipiga, mpira uligusa ubao au chuma. Yote hayo bila kukwama, kwa sauti ya haraka isiyopanda ovyo. Mwenyewe aliita kazi yake kumpa msikilizaji macho ya maneno.

Alikuwa pia na desturi ya kumweka msikilizaji uwanjani tangu mwanzo, kwa kusema Lakers wanashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwenye redio yako. Hili mnalijua. Watangazaji wetu wa soka waliotulea nao huanza kwa kutueleza timu ipi inalishambulia goli la upande upi, na ukishaelezwa hivyo uwanja unakaa kichwani mwako dakika zote 90. Na tazameni alipokaa: juu, kwenye ubavu wa magharibi wa ukumbi, jambo alilolitaja kila alipofungua matangazo. Ukikaa juu unaona nafasi inafunguka kabla pasi haijatolewa. Ndiyo maana maneno yake yaliwahi.

Maneno mengi ya mchezo huu yanayotumiwa leo duniani yanahusishwa naye, likiwamo lile la kudanki kwa kishindo na lile la mpira unaokosa kapu bila kugusa hata chuma. Ila lililopendwa zaidi ni lile la jokofu. Alipoona Lakers hawawezi tena kufikiwa, alitangaza kwamba mchezo umeingia jokofuni: mlango umefungwa, taa imezimika, mayai yanapoa, siagi inakuwa ngumu na jeli inatikisika. Msilichukulie kuwa pambo tu. Ilikuwa hukumu, na alijifunga nayo. Akilisema mapema mno, wapinzani wakarudi, angeaibika mbele ya mji mzima. Kwa hiyo wasikilizaji walilisubiri, na lilipokuja waliliamini.

Mwaka 1965 Jack Kent Cooke aliinunua timu. Miaka miwili baadaye akafungua ukumbi wa Forum kule Inglewood. Cooke alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya habari, na ndiye aliyemfanya Hearn atangaze redioni na kwenye runinga kwa wakati mmoja, sauti ile ile moja. Bila shaka ilipunguza gharama. Lakini matokeo yake ninayathamini sana. Mtazamaji wa runinga alipata maelezo yaliyotungwa kwa ajili ya asiyeona, na shabiki kipofu wa Los Angeles alipata mchezo ule ule aliopata jirani yake mwenye seti kubwa. Nawaambia kwa dhati, sijaona mpangilio mwingine wa matangazo uliowatendea haki wasikilizaji wote kiasi hicho.

Kulikuwa na gharama yake pia. Aliyekaa pembeni ya Hearn kama mchambuzi alipata upenyo mdogo sana wa kusema. Rod Hundley, mchezaji wa zamani wa Lakers, alipita kwenye kiti hicho kabla ya kuwa sauti ya timu nyingine ya kikapu, Jazz, kwa miaka 35. Pat Riley alikaa hapo kuanzia 1977. Novemba 1979 kocha Jack McKinney alianguka na baiskeli akaumia vibaya, msaidizi wake Paul Westhead akachukua timu, naye akamtoa Riley kwenye maikrofoni awe msaidizi wake. Miaka miwili baadaye Riley akawa kocha mkuu, akatwaa ubingwa mara nne. Stu Lantz, naye mchezaji wa zamani, alifika mwaka 1987 na akadumu. Kila sauti iliyomfuata Hearn kwenye runinga imekaa karibu na Lantz.

Msidhani Hearn hakukosa mchezo kamwe. Alikosa, Novemba 1965, alipozuiwa na hali ya hewa huko Arkansas baada ya kutangaza mchezo wa chuo. Kuanzia tarehe 21 ya mwezi ule hadi Desemba 16, 2001, hakukosa tena: michezo 3,338 mfululizo. Ndani ya miaka hiyo yeye na mkewe Marge waliwazika watoto wao wote wawili. Ninapoitazama ile namba, hilo ndilo ninalolikumbuka.

Alikatishwa na upasuaji wa moyo. Kisha akavunjika nyonga. Aprili 2002, akiwa na miaka 85, akarudi kitini. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa Juni 12 mwaka huo, Lakers wakimaliza fainali dhidi ya New Jersey Nets na kuchukua ubingwa wa tatu mfululizo. Runinga inayorusha nchi nzima ilikuwa na haki zote za fainali, kwa hiyo sauti yake ilisikika redioni peke yake. Agosti alianguka nyumbani kwake, akafariki tarehe 5. Mwaka uliofuata aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa kikapu, na ukumbini kwa Lakers, kati ya jezi zilizostaafishwa, kuna bango lenye maikrofoni.

Kuna swali moja kubwa ambalo sitaki kulikwepa. Mtangazaji wa timu analipwa na timu au na mshirika wake. Je, anaweza kusema kweli? Boston walikuwa na jibu lao. Johnny Most alitangaza Celtics kuanzia 1953 hadi 1990, kwa sauti ya mikwaruzo, na hakuficha upande wake hata dakika moja. Kwake wachezaji wa Boston walionewa na wapinzani walikuwa wahuni. Aprili 15, 1965, Celtics wakiongoza 110 kwa 109 dhidi ya Philadelphia zikiwa zimebaki sekunde chache, John Havlicek akaupokonya mpira, Most akapiga ukelele kwamba Havlicek ameuiba mpira. Ukelele ule uliuzwa kwenye sahani ya santuri. Nausikiliza hadi leo na unanisisimua.

Lakini nikiulizwa nimwige nani, namchagua Hearn. Alikuwa mtu wa Lakers kabisa. Chini ya Cooke alishika hata cheo cha meneja mkuu msaidizi. Hata hivyo, Laker akitupa ovyo au akizembea kurudi kulinda, alisema papo hapo, kwa jina. Most aliwapa wasikilizaji mapenzi yake, na walikuwa nayo tayari. Hearn aliwapa walichokikosa, yaani kilichotokea. Na kwa sababu aliwalaumu wake, aliposema wamecheza vizuri, mtu aliyekuwa garini kwenye foleni hakuwa na haja ya kusubiri gazeti la kesho.

Baada yake kazi iligawanywa. Runinga ikamchukua Paul Sunderland, kisha Joel Meyers mwaka 2005, kisha Bill Macdonald kuanzia 2011. Redio ikaenda njia yake, na tangu 2011 ni John Ireland na Mychal Thompson, bingwa na Lakers mwaka 1987 na 1988. Wote ni mafundi, siwapunguzii. Lakini pesa ilibadili sura ya kazi. Kuanzia 1977 Los Angeles ilikuwa na michezo ya Lakers kwenye chaneli ya 9, chaneli ya bure, hasa ile ya ugenini. Ya nyumbani ilikwenda kwenye kebo ya kulipia, Prime Ticket, iliyoanza mwaka 1985. Mwaka 2012 yote yalihamia chaneli mpya ya Time Warner Cable kwa mkataba wa miaka 20. Nyumba ambazo kampuni zao za kebo hazikuwa zimeafikiana na chaneli hiyo zilijikuta gizani msimu ulipoanza, na nyingi zikarudi redioni. Upande mwingine, matangazo ya Kihispania yalipata chaneli yake kamili, jambo ambalo mji wenye wasemaji wa Kihispania wengi kiasi kile ulistahili zamani.

Mwaka 2020, wakati wa korona, michezo ilipofungiwa Orlando, watangazaji wa vilabu walitangaza wakiwa mbali, macho kwenye skrini. Kamera ikimfuata mwenye mpira, humwoni anayejiandaa upande wa pili. Unabaki kusimulia picha ambayo mtazamaji anaiona tayari.

Kabla ya maswali nawaachia zoezi. Tafuteni rekodi yoyote ya Hearn ya miaka ya themanini, zimeni picha, chukueni karatasi na mchore mpira unakokwenda kwa dakika tatu. Kisha rudini muangalie picha. Halafu fanyeni vivyo hivyo kwa rekodi zenu wenyewe za ligi ya hapa, na mhesabu mara ngapi mlitaja matokeo na muda uliobaki. Tukutane tena na karatasi hizo. Karibuni, nani ana swali la kwanza?