Kupiga Picha ya Mwezi kwa Mapigo Mawili Kwenye Fremu Moja

Ndugu zangu, nianze na kosa linalowapata wengi wetu. Unaona anga ni nyeusi, unaiacha kamera ijipimie mwanga. Kamera inakutana na giza, shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) inakaa wazi mno, na mwezi unatoka kama sahani nyeupe isiyo na alama. Kumbe ule ni mwamba unaopigwa na jua kali. Weka tundu la lenzi f/11, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, shata 1/100 ya sekunde, na yale madoa meusi yatajitokeza.

Tatizo ni kwamba kwa kasi hiyo mandhari yote inazama gizani. Ndiyo maana napenda kupiga mara mbili juu ya fremu moja, ndani ya kamera yenyewe: kwanza mandhari kwa lenzi pana, kisha mwezi peke yake kwa lenzi ndefu. Chukua urefu wa lenzi ugawe kwa 110, utapata upana wa mwezi kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Lenzi ya mm 24 inakupa nukta ya mm 0.2, ya mm 200 inakupa karibu mm 2. Mwezi huo wa lenzi ndefu, ukiwekwa juu ya mandhari ya lenzi pana, ni mkubwa kuliko ulivyoonekana kwa macho, na mimi huwaambia watazamaji wangu hivyo waziwazi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye kazi. Filamu au sensa hujumlisha mwanga, haifuti. Mwezi ukiangukia anga angavu, unafifia. Ukiangukia peusi, unang'aa, hata kama peusi penyewe ni mti! Jioni moja niliupanga mwezi vizuri, nikidhani umekaa kwenye anga tupu. Nilipotazama picha, ulikuwa mbele ya tawi, kila jani likiishia kwenye ukingo wake. Tangu siku hiyo, baada ya pigo la kwanza huchora fremu kwenye karatasi: mti huu hapa, paa hili hapa, mwezi pale.

Kwa msururu wa miezi mingi ya angani kwenye fremu moja, acha kamera kwenye stendi bila kuigusa. Mwezi husogea upana wake kwa takriban dakika 2, kwa hiyo piga kila baada ya dakika 5, nayo haitagusana. Usipunguze mwanga wa kila pigo, kwa kuwa hakuna mwezi unaolala juu ya mwenzake. Na kama kamera yako ina chaguo la kubakiza sehemu angavu tu, litumie, anga ibaki nyeusi hadi pigo la mwisho.