Ndumilakuwili ana kichwa kimoja

Naomba chupa hii izunguke. Msiifungue, ina spiriti. Ndani yumo nyoka kipofu niliyemkuta amekufa shambani kwa shangazi yangu, Muheza. Kila mmoja atafute kichwa kiko upande gani, na asimnong'oneze jirani.

Mliowahi kunisikia mnajua nitaanzia wapi. Tuna neno ndumilakuwili. Siku hizi ni tusi la kurushiana majukwaani, lakini aliyelibeba kwanza ni nyoka kama huyu: eti anauma kwa kichwa na kwa mkia. Wagiriki wa kale nao walikuwa na wao, amfisbaina, aendaye kuwili. Jina lao linataja kutembea tu. Letu likaongeza kuuma.

Masika moja shangazi alikuwa akipalilia mihogo, jembe likafukua nyoka kipofu wa kahawia, mnene kama penseli. Nikamshika. Akajiviringisha kidoleni, mara nikahisi kitu kinanichoma kiganjani. Shangazi akapiga ukelele: "Si nilikwambia! Amekuuma kwa nyuma!" Nikamwonyesha. Kwenye ncha ya mkia kuna mwiba mdogo, mgumu. Nyoka huukita udongoni apate kujisukuma mbele, na akishikwa anauchomeka kwenye mkono. Hauna sumu, ngozi hautoboi. Kinywa chenyewe ni kidogo, kimejificha chini ya pua, kazi yake ni kula mayai na watoto wa mchwa na sisimizi. Hata akikuchukia, atakuuma kwa kitu gani? Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya mwanangu, nimekuelewa. Sasa muue."

Kuna anayejiuliza: hadithi za mihogo hizi, sayansi iko wapi? Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Harry Greene, hajapata hata shahada yake ya udaktari, alichapisha makala juu ya nyoka wanaojihami kwa mkia. Hesabu yake ni rahisi: kichwa kikipondwa, nyoka kwisha, mkia ukiumwa, kesho anawinda. Basi anaficha kichwa katikati ya mwili na kuutoa mkia nje, mnene, butu, ukijifanya kichwa. Kule California yuko mmoja, Charina, anayevamia viota vya panya: huku kinywa kinameza watoto, huku mkia unapokea meno ya mama. Ukiwakamata hao wakubwa, utakuta mikia imejaa makovu.

Ili uyaone makovu hayo, lazima mtu awe amekufundisha kutazama. Madrasa tunauliza: umesoma kwa nani, na yeye alisoma kwa nani? Silsila ya Greene ni hii. Joseph Grinnell, mkurugenzi wa kwanza wa makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Berkeley, California, tangu 1908, aliwalazimisha wanafunzi kuandika daftari kila siku: umeona nini, wapi, kinafanya nini. Mwanafunzi wake Henry Fitch alipata udaktari 1937, na 1948 akahamia kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Kansas. Pale akakamata nyoka, akawatia alama, akawaachia, akawakamata tena, kwa zaidi ya miaka 50! Alifariki 2009 akiwa na miaka 99. Shahada ya Greene ilisimamiwa Chuo Kikuu cha Tennessee na Gordon Burghardt, bingwa wa tabia za wanyama, lakini Greene anamhesabu Fitch naye kuwa mwalimu wake. Na 1978 akaajiriwa wapi? Makumbusho yaleyale ya Grinnell. Mjukuu nyumbani kwa babu.

Wanafunzi wangu, nawapenda, wanataka jenetiki siku ya kwanza. Hajapata kumwona nyoka akinywa maji, anataka mashine. Mashine itakwambia nyoka huyu ni ndugu wa nani. Haikwambii ameficha kichwa wapi.

Mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Dakika au saa? Haya, nafupisha. Yuko nyoka wetu mwingine, mla-mayai ya ndege: hana sumu, hana meno ya maana. Akitishwa anasuguanisha magamba mpaka anavuma kama kifutu, nasi tunamuua kwa kosa la kuigiza vizuri. Nilitaka pia kuwaeleza nyoka-njuga wa Arizona, ambao Greene na daktari David Hardy waliwafuata kwa redio ndogo walizowapandikiza mwilini, wakaona mama anavyokaa na wanawe hadi wajivue gamba la kwanza. Hilo tuliache kwa siku nyingine.

Chupa imefika wapi? Mama wa kilemba cha kijani, umeamua? Hapana, huo ndio mkia. Angalia ncha, utauona mwiba. Mpe huyo kaka aliyekuwa akicheka, tumwone naye.