Msimpikie Peke Yake: Kijana Mwenye Unene Uliokithiri na Njia Salama ya Kupungua
Mhadhara kwa wazazi na vijana, Lamu

Assalaam alaikum. Nawashukuru walimu waliotufungulia ukumbi, na zaidi nawashukuru vijana, maana najua baadhi yenu mmeletwa kwa kuvutwa mkono. Mliokaa nyuma karibu na mlango, kaeni papo hapo. Leo sikuja na mzani, na hakuna atakayeitwa mbele.

Naanza na shingo. Mama anamwona bintiye ana weusi nyuma ya shingo, laini kama mahameli. Anadhani ni uchafu, anachukua dodoki na sabuni, anasugua mpaka mtoto analia. Weusi hautoki. Hautoki kwa sababu insulini, homoni inayoiongoza sukari mwilini, imezidi damuni baada ya mwili kuacha kuiitikia sawasawa, na njia hiyo huweza kuishia kwenye kisukari aina ya pili. Akina mama, wekeni madodoki. Mpelekeni mtoto akapimwe sukari.

Jambo jingine linalonitia hofu ni goti. Kijana mnene wa miaka 12 au 13 anaanza kuchechemea, anasema goti lauma, au paja. Nyumbani anachuliwa kwa mafuta, shuleni anaambiwa ni uvivu, akimbie. Kumbe goti halina kosa: kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza kwenye nyonga, na maumivu yanasikika chini yake. Huyo hachuliwi wala hakimbizwi. Hata kutembea asitembee. Apelekwe hospitali siku ile ile, apigwe eksirei ya nyonga.

Nimeyatanguliza haya ili tuelewane kwamba unene uliokithiri ni ugonjwa wa kutibiwa, si aibu ya kufichwa. Hesabu yake ni kilo ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kijana wa miaka 14 mwenye sentimita 160 na kilo 95 anapata 37. Kwa mtu mzima tungesoma jibu moja kwa moja. Kwa kijana tunalilinganisha na chati ya umri na jinsia, kama ile ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007. Kwa chati yoyote, 37 katika umri huo imevuka mipaka. Kabla hajaanza kupunguza chochote, apimwe presha, sukari na ini, na aulizwe habari za usingizi. Anayekoroma, akakata pumzi, kisha akagutuka, mchana atasinzia darasani, na mwalimu atamwita mzembe.

Sasa, kupungua. Wengi wenu mmekuja kusikia ni kwa siku ngapi. Kijana mwenye unene wa kiasi hiki akishuka nusu kilo kwa wiki, mimi nimeridhika. Kilo moja kwa wiki ndiyo mpaka. Na mdogo anayezidi kurefuka, ambaye unene wake haujafika huko, pengine inatosha uzito usipande, urefu ukaufikia. Anayeporomoka upesi hupoteza nyama za mwili pamoja na mafuta, na huweza kupata vijiwe vya nyongo. Zile chai za kukata tumbo nyingi kazi yake ni kuharisha: yanatoka maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki. Potasiamu, moja ya chumvi hizo, ikishuka sana, moyo unapiga ovyo. Kwa hilo sina lugha ya adabu. Ni hatari, zitupeni.

Kosa ninaloliona majumbani ni hili: kijana anawekewa bakuli la kachumbari, wenzake wanakula biriani mbele yake. Hiyo ni adhabu. Usiku ataingia jikoni kwa siri, nanyi mtasema hana nia. Akibadilishiwa chakula, nyumba nzima ibadilishe, hata yule kaka mwembamba.

Wala siwaambii mwache chakula cha kwetu. Mbaazi ni chakula kizuri sana. Kinachozidi ni mahamri matano na chai ya vijiko vinne vya sukari. Fanya mahamri mawili, mbaazi ziongezwe, na ziungwe kwa tui jepesi, kasimele, lile tui zito, ibaki ya siku ya wageni. Samaki mnao, tena wabichi. Mchicha mnao. Soda ya mililita 300 ina sukari ya karibu vijiko 8 vya chai, na sharubati ya nyumbani iliyokolezwa haiko mbali nayo. Mkiniuliza kitu kimoja cha kuanzia kesho, ni hicho: kinywaji kiwe maji.

Sinia ni baraka, na asitoke mtu hapa akasema nimelipiga marufuku. Ila kwenye sinia hakuna ajuaye kala kiasi gani, na kijana mwenye haya hula mbio ili asitazamwe. Pakueni samaki na mboga kwanza, wali uje nyuma yake.

Mwili nao utembezwe. Mji huu ulikuwa wa miguu na punda. Siku hizi kijana anapanda bodaboda kwa mwendo wa dakika tano. Kutoka hapa Amu mpaka kijiji cha Shela kwa njia ya pwani ni kama kilomita tatu. Asianze nazo zote. Aende nusu, arudi, na baba aende naye. Vijana wanatakiwa wafikie dakika 60 kwa siku, lakini mwenye kilo 95 anafika huko polepole. Bahari ndiyo bora kwake, kwa sababu maji yanambeba na magoti yanapumzika. Wasichana watafutiwe saa na mahali pa staha, mama zao wawepo.

Dawa zipo. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema dawa zaweza kutolewa kuanzia miaka 12, na kuanzia 13 mwenye unene uliokithiri aweza kupelekwa kuchunguzwa kwa upasuaji. Lakini mwongozo huo huo unataka angalau saa 26 za mafunzo ya kula na kuishi kiafya, ana kwa ana na familia, kwa miezi 3 hadi 12. Sindano ya kupunguza unene iliyonunuliwa mtandaoni haimo humo.

Na yale majina, "bonge", "nani atakuoa"? Nani mliyemwona akapungua kwa kutukanwa? Mtoto akianza kwenda msalani kila baada ya kula, akajitapisha, huo ni ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Muone daktari haraka.

Mama yule pale anauliza: bintiye anasema Ramadhani ataacha daku ili apungue. Asiache, mama. Funga ni ibada, na anayeruka daku huifika futari kwa njaa ya kumaliza sahani ya kaimati. Afungue kwa tende na maji, aende akasali, kisha ale chakula kamili. Viazi karai si lazima viwepo kila siku. Alale pia, asikeshe na simu mpaka daku. Na kama anatumia dawa za sukari, aonane na daktari kabla mwezi haujaandama, asingoje kumi la kwanza liishe.