Nani Aliyeichoma Khatyn?

Asante, Mwenyekiti. Kwanza tumalize jambo moja, maana kila nikitaja Khatyn kuna mkono unanyanyuka: "Mwalimu, si ndiko walikouawa maofisa wa Poland?" Siko. Ile ni Katyn, haina H baada ya K, iko karibu na Smolensk, Urusi. Wale walipigwa risasi na polisi wa siri wa Stalin mwaka 1940. Hii yangu ina H, na ni kijiji cha nyumba 26 kaskazini ya Minsk, Belarus. Andikeni hilo pembeni mwa daftari tusirudiane.

Haya. Tarehe 22 Machi 1943, Belarus iko chini ya Wajerumani. Wapiganaji wa msituni wanauvizia msafara wa Wajerumani barabarani. Anauawa kapteni mmoja aitwaye Hans Woellke. Wapenzi wa riadha wa zama zile walimjua: ndiye aliyechukua dhahabu ya kutupa tufe kwenye Olimpiki ya Berlin, 1936. Siku hiyo hiyo askari wanaingia Khatyn. Watu wanatolewa majumbani, wazee, wagonjwa, akina mama na vichanga vyao, wanasukumizwa ghalani. Mlango unafungwa, moto unawashwa. Anayefanikiwa kutoka anakutana na bunduki za rashasha. Waliokufa ni 149, na 75 kati yao ni watoto.

Mhunzi wa kijiji, Iosif Kaminsky, alizinduka kaungua mwili. Akapekua maiti akimtafuta mwanawe. Akamkuta, bado anapumua, na mtoto akamfia mikononi. Leo ukiingia pale unapokewa na sanamu yake, ndefu kama mita sita, kambeba mtoto, mikono ya mtoto inaning'inia. Palipokuwa na nyumba pamesimamishwa dohani, maana nyumba ya mbao ikiungua hubaki dohani tu, na kila dohani ina kengele. Zinalia kila baada ya sekunde 30. Unasikia, unapiga hatua kadhaa, unasikia tena.

Swali langu ni lile lile ninalowachosha nalo kila mwaka. Nani aliwasha ule moto?

Tangu kumbukumbu ile ifunguliwe mwaka 1969, jibu la Kisovieti lilikuwa neno moja: "wafashisti". Ni kweli, na bado halijajibu kitu. Walioingia kijijini walikuwa watu wa kikosi cha Dirlewanger cha SS, jeshi la chama cha Hitler, pamoja na Batalioni ya 118 ya polisi wasaidizi, iliyoundwa Kiev mwaka 1942. Humo wengi walikuwa Waukraine, na wengi wao walikuwa askari wa Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, waliotekwa na Wajerumani. Mkuu wa shughuli za batalioni hiyo, Hryhoriy Vasiura, mwenyewe alikuwa ofisa wa Jeshi Jekundu. Baada ya vita alifungwa kwa kuwatumikia Wajerumani, akasamehewa 1955, akarudi Ukraine akapanda hadi kuwa naibu mkurugenzi wa shamba la serikali. Ya Khatyn yalimfikisha mahakamani Minsk mwaka 1986! Mwaka uliofuata akanyongwa au alipigwa risasi? Mnaona, hata ninyi mnataka kujua. Alipigwa risasi. Na magazeti ya nchi iliyokuwa ikipeleka wageni Khatyn kwa mabasi yakanyamaza kimya.

Najua kuna anayesema moyoni, "Kumbe basi ni Waukraine." Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Amri ilikuwa ya Wajerumani, sera ya kuchoma vijiji ilikuwa yao, na Wabelarus nao walikuwamo kwenye polisi wasaidizi katika nchi yao wenyewe. Pale Khatyn pana makaburi ya vijiji 185 ambavyo havikujengwa tena, na Khatyn yenyewe ni cha 186. Utavigawa kwa kabila la aliyeshika kiberiti? Basi tazameni kinachofanyika sasa. Tangu 2021 mwendesha mashtaka mkuu wa Belarus ana kesi ya mauaji ya kimbari ya wakati wa vita dhidi ya watu wa Belarus, na kabila la wale wa Batalioni ya 118, lililofichwa ili udugu wa Kisovieti usichafuke, sasa linatangazwa kwa kipaza sauti. Faili ni lile lile.

Wengine wanadai Moscow iliichagua Khatyn kusudi kuwa mahali pa kumbukumbu, jina liifunike Katyn. Mimi siendi mbali hivyo. Pako karibu na Minsk, na manusura walikuwapo wa kusimulia; sababu hizo zinatosha. Ila kwamba mkanganyiko uliwafaa, hilo sibishi. Mwaka 1974 Nixon, Rais wa Marekani, alipelekwa Khatyn. Katyn wakaja kuikiri 1990.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa, nitakimbia.

Kurapaty. Msitu ukingoni mwa Minsk. Mwaka 1988 Zianon Pazniak na mwenzake walichapisha habari za makaburi ya watu waliouawa na polisi wa Stalin kati ya 1937 na 1941. Idadi inabishaniwa: wapo wanaosema 30,000, wapo wanaofika 250,000. Wapo pia wanaong'ang'ania kwamba ni Wajerumani, ingawa uchunguzi wa serikali ya Kisovieti yenyewe ulisema sivyo. Huko hakuna kengele. Misalaba iliwekwa na raia, mmoja mmoja, na mwaka 2019 serikali ikaleta mashine ikang'oa mingi. Mwaka mmoja tu kabla, serikali hiyo hiyo ilikuwa imeweka mnara mdogo pale.

Bendera nyeupe-nyekundu-nyeupe ya Belarus na kura ya maoni ya 1995 iliyoiondoa niliviandalia kurasa nne, nimevikata. Dola Kuu ya Lithuania nayo, iliyotawala Belarus zamani na iliyoandika sheria zake za 1588 kwa lugha ambayo Wabelarus wanaiita yao, mniulize kwenye chai.

Dada wa safu ya nyuma, umenyanyua mkono tangu mwanzo. Kama ni Katyn, shusha.