Massachusetts: Jimbo Ilikofumwa Merikani

Mwenyekiti, walimu wangu, mabibi na mabwana,

Neno "merikani", jina la ile nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, lilikuwa midomoni mwa wachuuzi wa Unguja na wa misafara ya bara tangu karne ya 19. Jioni hii ningependa tuifuate nguo hiyo hadi kwao, katika jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwa kuwa naamini kwamba anayetaka kulielewa jimbo hilo hana budi kuanza na mawe na maji yake.

Massachusetts ni jimbo dogo, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 27,000, yaani halifiki hata nusu ya Ziwa Viktoria. Magharibi kuna milima ya Berkshire na kilele cha Mount Greylock, chenye kimo cha mita 1,064. Mashariki, rasi ya Cape Cod imechomoza baharini kama mkono uliokunjwa kwenye kiwiko. Barafu nene iliyoifunika nchi hiyo maelfu ya miaka iliyopita ndiyo iliyolundika mchanga wa rasi hiyo, na ndiyo iliyotapakaza mawe mashambani. Ukiacha bonde la mto Connecticut, lenye rutuba, mkulima alitumia nguvu zake nyingi kuyaondoa mawe hayo na kuyajengea kuta, ambazo leo zinaonekana katikati ya misitu iliyorudi baada ya mashamba kuachwa. Ardhi ilipowanyima, watu waligeukia bahari.

Wenyeji wake, wakiwemo Wawampanoag, walikuwa wamekwisha kuangamizwa kwa wingi na maradhi yaliyoletwa na Wazungu hata kabla ya walowezi wa Kiingereza kufika Plymouth mwaka 1620. Boston ilianzishwa mwaka 1630, na vita vya kuitoa nchi mikononi mwa Uingereza vilianzia Lexington na Concord, Aprili 1775. Katiba ya jimbo ya mwaka 1780 ilitamka kwamba watu wote wamezaliwa huru na sawa; mwaka uliofuata, mtumwa mmoja, Elizabeth Freeman, alikwenda mahakamani kudai uhuru wake kwa msingi huo, akashinda. Mimi naliona tukio hilo kuwa kubwa kuliko mapigano mengi yanayosifiwa.

Sasa tuje Salem, bandari iliyo kaskazini ya Boston. Wengi huijua kwa kesi za uchawi za mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa, lakini sisi tuna sababu nyingine ya kuikumbuka. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na konseli wake wa kwanza kukaa Unguja, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Merikebu za mji huo zilipakia sandarusi, pembe za ndovu, ngozi na karafuu, na zilishusha majora ya merikani.

Majora hayo yalitoka katika viwanda vya Massachusetts na majimbo jirani. Mji wa Lowell ulijengwa katika miaka ya 1820 mahali ambapo mto Merrimack unaporomoka kwa mita zipatazo 10. Mifereji ilichimbwa, maji yakazungusha magurudumu, na wasichana kutoka mashambani wakaajiriwa kusimamia mitambo kwa saa 12 au zaidi kila siku. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini, jambo ambalo jimbo lililojivunia uhuru lilinufaika nalo kwa miongo mingi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, pamba iliadimika, na nguo za kutoka India na Uingereza zikachukua nafasi ya merikani katika masoko yetu.

Kwa atakayejaliwa kusafiri, ninashauri aanzie Salem, katika Makumbusho ya Peabody Essex, ambayo chimbuko lake ni chama cha manahodha kilichoundwa mwaka 1799 na kilichokusanya vitu kutoka safari zao. Kisha aende Cape Cod kutazama nyangumi wa msimu wa kiangazi, na amalizie Lowell, ambako katika kiwanda cha zamani cha Boott mitambo ya kufumia bado huwashwa mbele ya wageni na kuitetemesha sakafu ya mbao.