Kikao Kimeisha Kabla Hujaingia

Haya jamani, mliosimama mlangoni sogeeni mbele, viti vipo. Mmeniita niongelee kazi kwenye ofisi ya wahandisi washauri kule Tokyo, na najua wengi humu mnasubiria majibu ya ABE, ule mpango Japani ilioutangaza 2013 kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, kule Yokohama, unasoma masta halafu unafanya mafunzo kwenye kampuni. Kwa hiyo mambo ya sushi na treni ya kasi mtayaona YouTube, mimi naongelea ofisi.

Kitu cha kwanza, na kama mtasahau mengine yote sawa tu: kule maamuzi hayafanyiki kikaoni. Sisi huku kikao ndo uwanja, mtu anakuja na hoja yake, anaimwaga, watu wanabishana mpaka mwenyekiti anagonga meza. Sasa kule ukimwaga hoja mpya kikaoni wote kimyaa, bosi anavuta hewa kwenye meno, sssss, anakwambia tutaliangalia, imeisha hiyo, usisubiri simu.

Kazi inafanyika kabla, wenyewe wanaita nemawashi. Tuseme unataka ofisi ibadilishe programu ya kupigia hesabu za madaraja. Unaanza na jirani yako wa meza, halafu mkuu wa kitengo, halafu yule mama wa fedha ambaye hana hata cheo cha kutisha lakini akikwambia gharama ya leseni haijakaa sawa basi haijakaa sawa, unarudi, unarekebisha, unampelekea tena. Siku ya kikao kila mtu anaijua hoja kuliko wewe mwenyewe, watu wanatikisa vichwa, dakika kumi nyingi.

Ndo inakuja karatasi ya ringi, ile ya kuidhinisha hoja kwa maandishi. Ina vijumba vimepangwa mstari, kila kimoja na cheo chake, na kila mkubwa anagonga kimuhuri chake chekundu chenye jina la ukoo, kutoka chini kwenda juu. Ukiona imekwama kijumba cha tatu siku ya nne, ujue kuna mtu hukupita kwake. Wakati wa korona watu walikuwa wanapanda treni kwenda kugonga muhuri tu na kurudi nyumbani, mpaka 2020 Waziri Kono Taro akaziambia wizara ziachane nayo, na siku hizi ofisi nyingi ringi iko kwenye kompyuta ila foleni ni ile ile. Inachosha, sitawadanganya. Lakini ikishapita hakuna wa kuruka kimanga, wote wamegonga.

Ovataimu: sheria iliyoanza Aprili 2019 kwa kampuni kubwa, na 2020 kwa ndogo, inasema mwisho masaa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, kukiwa na makubaliano maalum inapanda ila isifike 100 kwa mwezi. Sawa. Ila Machi ndo mwisho wa mwaka wa fedha, na ofisi zinazofanya kazi za serikali ripoti zote zinadaiwa mwezi huo huo, kwa hiyo Machi msipange harusi.

Kwenda kunywa na wenzako jioni, usiyetumia pombe agiza chai baridi ya oolong, hakuna anayekuuliza, ila usinywe kabla ya kanpai, ile ya wote kuinua glasi pamoja.

Sasa hela, hapa ndo watu wanalia. Kuna kodi ya wakazi, kama asilimia 10, inapigwa kwenye kipato cha mwaka uliopita. Kwa hiyo mwaka wa kwanza huioni, unajiona tajiri, unatuma nyumbani, unaahidi bati za mjomba, halafu Juni ya mwaka unaofuata mshahara unanywea na bati bado hujanunua. Na ukirudi moja kwa moja, pensheni uliyochangia unaweza kudai sehemu yake kwa mkupuo, mradi umechangia angalau miezi 6 na uombe ndani ya miaka 2 tangu utoke. Barua ya namba ya pensheni, ambayo tangu Aprili 2022 wanaoanza kuchangia wanapewa badala ya kile kitabu cha zamani, msiitupe wakati wa kufunga mabegi, fomu inataka ile namba.

Haya, dada wa kitenge, ulinyoosha mkono muda mrefu.