Kuizuru Dunia Uwanja kwa Uwanja: Mhadhara Kuhusu Simuleta ya Urubani Nyumbani

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na vijana mliofika,

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi huliona kuwa mchezo wa kompyuta tu, nalo ni kusafiri kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine duniani kwa kutumia simuleta ya urubani, yaani programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege, iliyo mezani nyumbani. Hoja yangu ni moja. Uwanja wa ndege haukuwekwa mahali ulipo kwa kubahatisha. Ni mlima, bahari, upepo au mji ulio jirani uliowabana wajenzi wake, na mtu anayetua pale kwa mikono yake, hata ikiwa ndege yenyewe ni ya kwenye kioo, huuelewa mbano huo kwa namna ambayo ramani iliyotundikwa ukutani haiwezi kumfundisha. Ndiyo maana nitasema machache kuhusu uzuri wa mandhari na mengi kuhusu kutua.

Programu hizi zina umri wa kutosha. Bruce Artwick alitoa simuleta yake ya kwanza ya kompyuta ndogo mwaka 1979, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikaanza kuuza Flight Simulator iliyotokana na kazi yake. Kwa miaka mingi, aliyeiwasha programu hiyo alijikuta kwenye njia ya kurukia ya Meigs Field, kiwanja kidogo kilichokuwa ukingoni mwa Ziwa Michigan, mjini Chicago. Toleo la mwaka 2020, lililotengenezwa na Asobo Studio ya Ufaransa, lilikuja na viwanja zaidi ya 37,000 pamoja na picha za dunia zilizopigwa kutoka angani. Ipo pia X-Plane, na ipo FlightGear, ambayo hupatikana bure kabisa.

Tuanzie nyumbani, kwa safari ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi kwa ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna 172. Uwanja wa Mombasa uko takriban mita 60 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600. Mwanafunzi anayejifunza kutua Mombasa huambiwa aikaribie njia ya kutulia kwa mwendo wa noti 65, yaani maili 65 za baharini kwa saa, na akifika Nairobi atausoma mwendo uleule kwenye kipimo chake. Hata hivyo ataona lami ikimjia kwa kasi zaidi na magurudumu yakichelewa kusimama. Sababu ni kwamba hewa ya juu ni nyepesi, na kipimo cha mwendo hupima msukumo wa hewa hiyo, si umbali unaopitwa ardhini. Kipimo kinaposema 65, ndege iliyo katika kimo cha Nairobi, pasipo upepo, inakwenda kwa zaidi ya noti 70. Wakati wa kuruka mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa hewa hiyohiyo inaipunguzia injini nguvu na kuyanyima mabawa uwezo wa kuinua. Njia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne, na aliyejaribu kuruka pale mchana wa joto, ndege ikiwa imejaa abiria na mafuta, hahitaji kuelezwa faida ya urefu huo.

Kwenye njia hiyohiyo utasoma namba 06 upande mmoja na 24 upande wa pili. Hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho, yaani 060 na 240, na kwa kuwa ndege hutua zikiukabili upepo, nao upepo wa Nairobi hutoka zaidi pande za mashariki, ndege nyingi hutumia 06. Namba hizi zinaweza hata kubadilika bila njia kusogezwa, kwa sababu ncha ya sumaku ya dunia haitulii mahali pamoja. Mwaka 2009 uwanja wa Stansted, Uingereza, ulilazimika kuifuta 05/23 na kuandika 04/22.

Sasa twende Nepal, katika kiwanja cha Lukla kinachohudumia wasafiri wa Everest, na hapa naomba tukae kidogo. Kilijengwa mwaka 1964 kwa juhudi za mpanda milima Edmund Hillary, kiko zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ina mita 527 tu. Isitoshe, njia imeinama: ncha ya juu inaizidi ya chini kwa takriban mita 60. Mbele ya ncha ya juu umesimama mlima, na chini ya ile nyingine kuna bonde. Kwa hiyo ndege hutua zikipanda na kuruka zikiteremka, na rubani aliyekaribia mno hana tena nafasi ya kughairi na kuzunguka. Jambo ambalo simuleta hulionyesha vizuri kuliko maelezo yoyote ni namna macho yanavyodanganywa. Jicho limezoea njia iliyolala sawasawa. Linapoona iliyoinuka, humwambia rubani kwamba yuko juu mno, naye huishusha pua ya ndege, na anaposhtuka, ukingo wa bonde umekwisha kuwa usawa wa macho yake. Nimewaona wanafunzi wengi wakianguka pale kwa kosa hilo moja, na nimewaona wakijifunza kuamini kipimo cha kimo badala ya hisia. Mteremko huo, kwa upande mwingine, ni msaada: ndege inapogusa lami, kilima chenyewe hushirikiana na breki kuisimamisha.

Kuna viwanja ambavyo leo hufikiwa kwa simuleta peke yake. Kai Tak ya Hong Kong ilifungwa Julai 1998. Milima ya kaskazini iliziba njia ya moja kwa moja ya kuifikia njia namba 13, hivyo ndege kubwa zilishuka zikikielekea kilima kilichopakwa miraba ya rangi mbili kama ubao wa drafti, kisha rubani, kwa macho yake na kwa mkono wake, akakata kona ya kulia ya nyuzi 47 juu ya mapaa ya Kowloon na kuinyoosha ndege sekunde chache kabla ya kugusa chini. Wapenzi wa simuleta wameijenga upya Kai Tak katika programu mbalimbali, nami nawashukuru kwa dhati, kwa sababu ujuzi ule ungebaki katika picha na masimulizi tu. Meigs Field nayo ilipotea usiku mmoja wa Machi 2003, meya wa Chicago alipoagiza matingatinga yaichimbue njia yake.

Wenye nafasi wapite pia Funchal katika kisiwa cha Madeira, ambako sehemu ya njia imejengwa juu ya nguzo kando ya bahari, na Barra huko Uskoti, ambako ndege hutua ufukweni na ratiba hufuata maji kupwa na kujaa.

Kasoro kubwa ya safari hizi iko kwetu. Viwanja vikubwa vya Ulaya na Marekani vimejengwa hadi taa ya mwisho, ilhali viwanja vidogo vya Afrika Mashariki na Kongo mara nyingi vimekisiwa na kompyuta kutokana na picha ya juu. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo, huko Kongo, iliifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya Goma, na kwa miaka mingi ndege zilitumia kipande kilichobaki. Historia kama hiyo haionekani katika njia iliyochorwa kwa kukisia. Dawa ipo. Watengenezaji wa X-Plane hupokea viwanja vilivyochorwa na watu wa kawaida kwa programu ya bure, na vinavyokubaliwa huingizwa katika mkusanyiko wa wote. Ninyi mnaoijua Mafia, Lamu au Songea mnajua jengo la abiria limeelekea wapi, miti mirefu iko upande gani, na mfuko wa kuonyesha upepo umesimikwa wapi. Mambo hayo matatu yanatosha kuanzia. Kompyuta iliyo pale mbele imekwisha kuwekewa programu hiyo ya kuchorea, na anayetaka kuanza na uwanja wa kwao asogee sasa, tuufungue pamoja huku tukipokea maswali.